Soksi za Karabai

Bati la biskuti, kutu kwenye mfuniko,
ndani soksi thelathini na moja za karabai,
nyeupe, hazijawahi kuona moto.
Hilo ndilo aliloniachia babangu, Shekue, fundi wa Kibokoni,
hilo, na deni la mafuta ya taa.

Alizifunga kwa vidole viwili,
akapiga pampu, na uwanja mzima wa harusi ukawa mchana.
Hakujua zina thori.
Hakujua kwamba hata batini, zimesahaulika,
kila sekunde chembe fulani humo huvunjika
na kutema cheche ambayo jicho haliioni.

Nimezitia kwenye sanduku la risasi,
risasi isiyoua mtu, kuta zake shubiri nzima,
katika bohari la zamani la majani ya chai, Shimanzi;
harufu bado imeshika dari.
Ukifungua spika ni mvua juu ya mabati.
Miaka minne naihesabu mvua hiyo.

Vitabu vyasema "kuoza". Neno hilo silikubali.
Embe ndilo huoza: leo baka, kesho maji, kesho kutwa nzi.
Chembe ya thori haizeeki.
Iliyongoja tangu kabla ya jua
haijaikaribia zamu yake hata kwa unywele.
Babangu alizeeka. Magoti kwanza,
kisha macho, kisha majina yetu.

Na hapo ndipo tunapotegea, mimi na Nyamvula:
kisichozeeka hakina sababu ya kubadili mwendo,
ila kitu kikipita na kukigusa.
Kwani wanasema iko maada ya giza,
nzito kuliko nyota zote zikitiwa mizanini,
yatupita sasa hivi, wewe na kiti chako,
yapita kuta za Ngome bila kuuliza mlango.
Pengine yapumua.
Pengine pumzi yake huitikisa ile mvua,
tone moja katika laki.

Ukihesabu elfu kumi, shaka yako ni mia.
Ukihesabu milioni, shaka ni elfu.
Shaka nayo hukua, lakini kivivu;
ndiyo maana tunakaa.

Mwaka wa kwanza hesabu ilishuka,
siku ishirini na tisa, kisha ikapanda.
Nyamvula alinipigia usiku, sauti imemkauka.
Mwaka wa pili ikashuka tena.
Tulinunua halua. Tulinyamaza kama wezi.

Mwaka wa tatu nikabandika karatasi tatu dirishani, moja juu ya nyingine,
jua likipenya zote:
bonde halikukaa mahali pamoja.
Siku kumi na moja nyuma. Tena siku kumi na moja.
Nilikuwa nimefunga, ulimi mkavu,
nikacheka mpaka mlinzi akaja na rungu.

Giza la mbinguni haliandami na mwezi.

Jirani yetu ni kiwanda cha barafu.
Ramadhani mji mzima wataka barafu ya futari,
mashine zake zanyonya stimu, yetu yalegea,
na chombo chetu, kama macho ya mzee,
chakosa kuziona chembe chache.
Tulikuwa tumepima kiu ya Mombasa.

Sasa tuna betri zetu. Mvua imetulia, sawa kama sakafu.
Nyamvula amechora mstari mwekundu:
kama lipo, li chini ya hapa.
Amemwandikia mkuu wa chuo kwamba hatukuona kitu,
na chini yake, kwa kalamu,
kwamba hatukuona kwa makini sana.

Soksi moja sikuitia sandukuni.
Jana stimu ilikatika mtaa mzima, hata barafu ikanyamaza.
Nilikaa katika giza hili letu la kawaida, lenye mbu,
betri zikihesabu,
bati mapajani.
Nilikuwa na kiberiti.
Sikuiwasha.